Karatasi ya Ada ya Zuhura

Vijana wangu mnaokaa sasa kwenye ofisi yangu ya Malvern, hapa Scarborough, Toronto, mliniomba kurasa mbili za kuwasaidia kazini. Mimi si mtu wa kurasa mbili. Nimeishia darasa la saba, Kilosa, na kwa miaka kumi na saba watu wenye digrii zao ukutani wamepanga foleni kwangu na viatu vyao vya theluji, wakisubiri niwaambie wanadaiwa au wanadai. Kama macho yangu yasingegoma ningekuwa bado nimekaa hapo, nanyi mngekuwa mnanichemshia chai. Kwa hiyo nitaandika ninavyotaka, na mtasoma mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe liko mwishoni.

Nilianza nikiwa msafishaji wa maofisi. Katika moja ya ofisi hizo alikuwa anakaa mama mmoja wa Kiismaili, Bi Shirin, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, aliyekuwa akitengeneza hesabu za kodi za watu tangu kabla sijajua theluji ina rangi gani. Jioni moja alinikuta nimesimama na ndoo, nasoma fomu aliyoiacha mezani.

"Wewe, unasoma nini?"

"Nasoma kosa, mama. Hapa umeandika mtoto mmoja, na hapo juu wako wawili."

Akavaa miwani. Akaangalia. Akaniambia niweke ndoo chini. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza kwa penseli hata kama mashine ipo, na kutomwambia mteja atarudishiwa kiasi gani kabla karatasi ya mwisho haijatoka kwenye bahasha. Mtihani wa kwanza wa kozi ya bure ya kodi nilifeli. Wa pili nilipata alama nyingi kuliko wote darasani, akiwamo Mpolandi mmoja aliyekuwa mhasibu kwao. Hilo niliwahi kuwaambia, na nitawaambia tena.

Nilipofungua kwangu, nyuma ya duka la mchele na kadi za simu, nilikuwa na meza moja, kiti cha mteja, benchi la wanaosubiri na pazia katikati. Mlango haukuwapo. Na nilikuwa na njia yangu ya kazi, ambayo hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nasoma kwa sauti. Kila karatasi iliyotoka kwenye bahasha ya mteja niliisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, familia nzima ikiwa imezunguka meza. Msicheke. Watu wetu walikuwa wametapeliwa na kila aina ya mtu mwenye kalamu. Walikuwa wanasaini wasichokijua. Kwangu mimi, hata bibi asiyejua a wala be alitoka anajua kila kisanduku kimeandikwa nini. Sauti yangu mnaijua. Habari zilifika Lawrence Heights, zikafika Mount Dennis, na watu wakawa wanapanda mabasi matatu kuja kusomewa na Boni.

Bi Shirin alikuja siku moja kunitembelea, akakaa kwenye benchi, akasikiliza. Wateja walipoondoka akaniambia, "Wewe Boni, mbona unawavua watu nguo hadharani?"

"Ndugu hawa, mama. Hawana siri."

"Ndugu ndio wenye siri," akasema, akafunga vifungo vya koti lake. Nilimcheka kimoyomoyo. Nilidhani ni mambo ya watu wa Upanga.

Sasa niwaambie habari ya ada za wanafunzi, maana ndiyo iliyonipa jina, na ndiyo mnayokosea mpaka leo. Watu wetu wana imani moja: aliyelipa ndiye mwenye haki. Mteja mmoja aliniletea risiti za ada za watoto saba wa kaka yake, wote wako bweni Moshi.

"Kaka," nikamwambia, "Kanada haimjui mtoto wa kaka yako."

"Haimjui vipi, na mimi ndiye ninayemsomesha?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hata kwa mtoto wako wa kumzaa, aliye chuo hapa hapa Toronto, punguzo la kodi linalotokana na ada ni la mwanafunzi kwanza, hata kama ulilipa wewe kwa mikono yako. Yeye analitumia kufuta kodi yake. Linalobaki anaweza kumpa mzazi, kwa kikomo, na kwa saini yake mwenyewe. Asichompa mwaka huo kinabaki kwenye jina lake, kinamsubiri mpaka apate kazi, na hapo mzazi hakigusi tena. Kina baba walikuwa wananitolea macho. Mtoto amsainie baba? Walikuwa wanamsukumia mtoto kalamu bila kumtazama, na mtoto anasaini bila kusoma, na mimi nasoma kwa sauti kwa niaba ya wote.

Skolashipu nayo walikuwa wanaificha kama kitu cha wizi. Wanadhani ikijulikana itachukuliwa. Nikawa nawaelimisha: anayesoma muda wote, skolashipu yake haitozwi kodi hata senti. Anayesoma nusu ndiye wa kuangaliwa, kwa sababu yeye anasamehewa kiasi cha ada ya masomo aliyochukua na vifaa vyake tu. Kinachozidi ni mapato. Ndiyo maana ile karatasi ya ada ya chuo ina visanduku viwili vya miezi, muda wote na nusu. Visomeni vyote viwili. Ila visomeni kimya.

Mzee Salehe alikuwa mteja wangu tangu mwaka wa pili. Mtu wa Tanga, mpole, kazi yake kiwanda cha mikate, kufungasha. Mkewe alifariki hapa hapa Scarborough binti yao akiwa na miaka kumi na mbili, na tangu siku hiyo Salehe alimlea Zuhura peke yake, akajifunza mpaka kusuka nywele, vibaya. Zuhura alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, baba mtu alianza kufanya kazi na Jumapili. Kila Idi, kila arusi, alimshika bega akamwonyesha watu: "Huyu ndiye atakayetuchoma sindano wote." Watu wanacheka, mtoto anaona haya, baba anafurahi.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, mwanzoni mwa Aprili, Zuhura alinipigia simu. Alikuwa na miaka ishirini. Watoto wetu mnawajua, ukiwaambia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, lakini nitaandika kwa lugha yetu.

"Anko Boni, naweza kuleta karatasi zangu peke yangu mwaka huu?"

"Peke yako kwa nini? Bahasha yenu ni moja tangu unakuja hapa na katuni mkononi."

"Nilikuwa nauliza tu. Lazima uzisome zote?"

"Zuhura," nikamwambia, na nilikuwa najipigapiga kifua wakati nasema, "haijawahi kutoka karatasi kwa Anko Boni bila kusomwa. Njoo na baba yako Jumamosi."

Akasema sawa.

Alikuwa ananiomba. Nilikuwa na masikio mawili na simu nzuri, na sikusikia.

Jumamosi wakaja. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu wanne, wawili kati yao wa msikiti mmoja na Salehe. Nikasoma karatasi ya kiwanda. Nikasoma risiti za dawa. Nikafika kwenye karatasi ya ada ya Zuhura, nikaipandishia sauti kidogo, kama kawaida yangu kwa watoto wa vyuo, ili na benchi nalo lisikie na kutamani.

"Miezi ya kusoma muda wote," nikasoma. "Minne."

Salehe akacheka. "Vaa miwani, Boni. Minane."

"Kaka Salehe, mimi na karatasi hatujawahi kugombana. Minne. Januari mpaka Aprili. Na miezi ya kusoma nusu, minne. Septemba mpaka Desemba."

"Nusu ya nini?"

"Anko, tafadhali," Zuhura akasema. Alisema kwa Kiswahili. Hilo peke yake lilitosha kunizindua, lakini mimi nilidhani binti anaogopa kodi. Nikaamua kumtuliza, kwa sauti ile ile.

"Usiogope, mwanangu. Una skolashipu hapa uliyopewa Septemba, na Septemba ulikuwa na somo moja tu, kwa hiyo kinachozidi ada ya hilo somo kinahesabiwa mapato. Ilikuwa ya mwaka mzima au ya muhula?"

Kabla hajajibu, Salehe alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake, anamtazama.

"Somo moja?" akamwuliza. "Na kila siku naamka kukufungashia chakula, unaondoka na mkoba, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Maktaba."

"Kufanya nini?"

"Kusoma kemia. Nilifeli, baba. Nikatolewa kwenye uuguzi. Wakaniambia nikipasi kemia naweza kuomba tena. Nilitaka nirudi kwanza, halafu ndiyo nikwambie."

Nyuma ya pazia, benchi lilikuwa limesikia yote. Salehe hakupiga kelele. Alizikusanya karatasi moja moja, zake tu, akazirudisha kwenye bahasha. Akavaa kofia. Akainua pazia, na mmoja wa wale wa msikitini, kwa adabu tu, akamwuliza, "Kwema, kaka Salehe?"

"Kwema," akasema, akatoka.

Zuhura alibaki kwenye kiti. Akanitazama bila hasira. Akasema, "Ilikuwa ya mwaka mzima, Anko," akachukua karatasi yake, akamfuata baba yake kwenye kituo cha basi.

Niliifanya ile hesabu baadaye, kwa penseli. Mapato yake yalikuwa madogo mno. Skolashipu ihesabiwe yote, ihesabiwe nusu, asingedaiwa kitu. Jibu la swali langu halikuwa linabadilisha hata senti moja.

Kufikia sala ya Ijumaa hakuna aliyekuwa hajui. Sikumsikia Salehe akimtukana mwanawe kwa mtu yeyote. Alimwambia sentensi moja, Zuhura mwenyewe ndiye aliyenisimulia: "Ungefeli tu, ningesema umefeli. Umenifanya niwasimulie watu uongo." Baada ya hapo akaacha kuzungumza naye. Walikuwa wanapishana jikoni kama wapangaji. Mwezi wa sita Zuhura akaondoka kwenda Winnipeg, jimbo la Manitoba, kwa rafiki yake aliyesoma naye sekondari.

Salehe alikuwa amerudi kwangu kabla ya hapo, Aprili ile ile, msimu wa kodi haujafungwa, peke yake. Nilijaribu kuomba radhi, akainua mkono. Nikamweleza kwamba sehemu ya punguzo la ada la Zuhura anaweza kuipata yeye, inahitaji saini ya binti tu.

"Sitaki saini yake," akasema. "Liache kwenye jina lake."

Likabaki.

Mwezi wa nane Zuhura alinipigia kutoka Winnipeg. Anataka niendelee kumtengenezea kodi, kwa simu na posta. Amepata kazi ya kuosha vyombo kwenye nyumba ya wazee, jioni anasoma kemia.

"Lakini baba asijue chochote, Anko. Wala niliko, wala ninachofanya. Nitakuja mwenyewe nikishamaliza. Niahidi."

Nikamwahidi. Na kwa kuwa nilikuwa nimemharibia kwa mdomo, niliapa kwamba safari hii mdomo wangu utafungwa kuliko benki. Wiki hiyo hiyo nilileta fundi akang'oa pazia na kuweka mlango. Nikaacha kusoma kwa sauti. Wateja wengine walichukia, wakasema Boni amepata kiburi. Nikaanza kumwita kila mtu mzima aingie peke yake, mume peke yake, mke peke yake, mtoto peke yake. Hiyo ndiyo njia mliyoikuta, mkadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Zuhura alipasi kemia. Akaomba uuguzi huko huko Manitoba, akapata. Mwaka wa kwanza mzima wa masomo, karatasi yake ya ada ikaja: miezi ya muda wote minane, miezi ya nusu hakuna, na skolashipu yote imesamehewa. Niliisoma kimya mara tatu. Nikaifungia kwenye droo ya chini.

Na kila Aprili Salehe alikuja. Mwaka wa kwanza hakuuliza kitu, alitazama tu karatasi zilizokuwa mezani, kama mtu anayetafuta mwandiko anaoufahamu. Mwaka wa pili, wakati anavaa koti, akaniuliza, "Boni, hii sheria ya ada. Mtu akiwa na ada iliyolimbikizwa kwenye jina lake, akianza kazi inamsaidia?"

"Inamsaidia, kaka. Inapunguza kodi yake."

"Na akiwa hajaanza kazi?"

"Inakaa. Inamsubiri."

"Miaka mingapi?"

"Yoyote. Haiozi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la daktari. "Vizuri," akasema. "Nilikuwa naulizia sheria tu."

Mwaka wa tatu akauliza tena, maneno yale yale. Nikajibu yale yale. Mwaka wa nne akaongeza: "Na mtu akiitumia, ofisi yako inaweza kuona?"

"Kaka Salehe, mambo ya mteja siwezi kuyasema."

"Sijakuuliza mambo ya mteja. Nimeuliza kama inaonekana."

"Inaonekana."

"Basi vizuri."

Droo ya chini ilikuwa karibu na goti langu la kulia. Sasa niwaambie ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa najiona mwanamume. Nilitoka pale najisifu moyoni kwamba wako wapi wengine wanaoweza kukaa na siri namna hii, mwaka wa nne, mbele ya mzee anayeomba kwa kuzunguka. Mwaka wa tano akaja amekonda, anapumzika kila baada ya hatua chache. Akauliza sheria yake. Nikamjibu.

Alifariki Januari iliyofuata, kwenye kituo cha basi, akienda kazini. Tulimzika siku ya pili, kama dini yake inavyotaka, ardhi ikiwa ngumu mpaka wakaleta mashine. Nilimpigia Zuhura asubuhi ile ya msiba. Dhoruba ilikuwa imefunga uwanja wa ndege wa Winnipeg. Alifika siku moja baada ya mazishi.

Aprili akaja ofisini, kwa kuwa mtu akifa hesabu yake ya mwisho ya kodi lazima itengenezwe, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wake pekee. Alikuwa amemaliza uuguzi majira ya joto yaliyopita, na kazi ameanza. Alikuwa amesubiri leseni, akasema atakuja kumwona baba yake Desemba. Desemba akapangiwa zamu, akasema Machi. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na majalada mawili mezani, la baba aliyekufa na la binti anayetumia ada yake iliyolimbikizwa kwa mara ya kwanza. Nilifunga mlango. Nilimweleza taratibu, kwa sauti ya chini.

"Anko," akasema, "alikuwa ananiulizia?"

"Kila Aprili."

"Ukawa unamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu." Na niliona fahari kusema, Mungu anisamehe. "Nilitunza ahadi yako, Zuhura. Miaka yote. Sikuteleza hata neno moja."

Alinitazama. Ana macho ya baba yake.

"Anko, nilikuwa na miaka ishirini."

Nikazisogeza karatasi zilizokuwa mbele yangu.

"Kila mwaka umenipigia simu," akasema. "Umeniuliza anwani. Umeniuliza kodi ya nyumba nalipa kiasi gani, umeniuliza risiti za vitabu. Mwaka juzi ulinipigia mara tatu kwa ajili ya tarehe moja. Ungeniuliza na hilo. Ungesema, baba yako ameuliza, je, bado hutaki? Ningekwambia mwambie. Tangu mwaka wa kwanza chuoni ningekwambia mwambie. Nilikuwa naona aibu kuanza mimi. Nilidhani haulizi."

Vijana, mteja akiwaambia msiseme, msiseme. Sheria inawabana, na ni haki yake. Lakini neno alilolisema mtu mwaka ule msilifungie kwenye droo mkalihesabu kuwa neno lake la leo. Mnamwuliza kila mwaka kama amehama, kama ameoa, kama amezaa. Mwulizeni na hilo.

Zuhura aliniomba nimwambie baba yake alikuwa anauliza vipi, kwa maneno gani hasa. Nikamwambia. Mtu akiwa na ada iliyolimbikizwa kwenye jina lake. Akianza kazi inamsaidia. Miaka mingapi.

"Hakutaja jina langu?"

"Hakutaja. Alikuwa anasema 'mtu'."

Akachukua kalamu, akasaini hesabu ya baba yake palipokuwa na alama. Kisha akavuta jalada lake mwenyewe, akaniuliza ni mstari upi ambao ada imetumika. Nikamwonyesha. Akaweka kidole hapo, akaomba nimwache peke yake kidogo. Nikatoka nje, kwenye benchi, nikakaa na wateja, na hakuna aliyeniuliza kitu.